Kabla ya kulipia king'amuzi mwezi huu

 

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja ambaye mwanawe namfundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu shuleni alinishika mkono tukiwa tunavaa viatu nje ya msikiti. Akaniambia, "Ustadh, nina swali, lakini usinicheke." Akanieleza kuwa kila mwezi analipia king'amuzi cha dishi shilingi 35,000. Mwezi ule mambo yalibana. Alikuwa na deni la madrasa la watoto watatu, shilingi 5,000 kila mtoto kwa mwezi, na lilikuwa limefika miezi miwili, yaani shilingi 30,000. Fedha iliyobaki mkononi ilitosha kitu kimoja tu. Akalipia king'amuzi. Sasa anauliza, je, kulipia king'amuzi ni haramu?

Sikumcheka. Kwanza ni mtu mzima na ameuliza kwa uchungu. Pili, mimi mwenyewe jambo hili lilishanitia aibu ndani ya nyumba yangu, kama nitakavyoeleza mbele. Nilimwambia kuwa nitamjibu, lakini swali lenyewe naona limegonga mlango usio wake. Tangu usiku ule nimeulizwa jambo hilohilo na watu wengine wawili, mmoja wao mwalimu mwenzangu, ndipo nikaona heri niliandike hapa.

Tuanze na hilo la uharamu, tulimalize. Wanachuoni wa fiqhi wametufundisha kuwa asili ya vitu vya kidunia ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza, na kwamba nyenzo hufuata hukumu ya kile inachotumikia. Dishi ni bati na waya, na king'amuzi ni chombo cha kufungulia mawimbi. Kwa king'amuzi hichohicho mtu anaweza kutazama Waislamu wakitufu Al-Kaaba, na akaweza kutazama uchafu ambao hawezi kuutaja mbele ya mama yake. Mwenye kusema kwa jumla kwamba ni haramu amejichosha bure, kwa sababu wasikilizaji wake wanarudi nyumbani na kuwasha.

Wala si kweli kwamba dini yetu haitaki mja afurahi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), naye akasimama na kumsitiri Bibi Aisha (r.a.) huku akitazama mchezo ule mpaka aliporidhika mwenyewe. Na Sahaba Hanzala (r.a.) alipoingiwa na hofu kuwa amekuwa mnafiki, kwa kuwa mbele ya Mtume moyo wake ulilainika lakini akifika kwa mke na watoto anasahau, Mtume (s.a.w.) alimtuliza na kumfahamisha kuwa moyo una saa ya hili na saa ya lile. Hadithi hiyo ameipokea Muslim. Kwa hiyo baba anayekaa na wanawe Jumapili jioni wakatazama filamu ya wanyama wa Serengeti na kucheka pamoja, sioni kwa nini nimhesabie dhambi.

Na mkataba wenyewe je? Unatoa fedha, unapewa huduma ya mwezi mmoja. Huu ni mfano wa ijara, na ijara inajuzu madhali manufaa yanayolipiwa ni ya halali na yanajulikana. Ila mkataba huu una tabia yake. Unalipa kwanza, ndipo unapata. Siku zinahesabika hata umeme ukikatika wiki nzima au mvua ikifuta picha. Kifurushi kinakuja na chaneli nyingi ambazo hukuzichagua wala huzitaki. Na ukishalipa umeshamwamini mwenye kampuni. Wakubwa zetu wanaikumbuka GTV, iliyokuja Afrika mwaka 2007 na sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, watu wakanunua madishi yake kwa wingi. Mwishoni mwa Januari 2009 ikatangaza kufilisika na matangazo yakakatika. Aliyekuwa amelipa akabaki na dishi juu ya paa.

Hapa niseme jambo moja kwa wale wanaonong'ona kwamba wao wameepuka gharama hizi kwa sababu wanavuta waya kutoka kwa jirani, au wamewekewa na fundi kadi ya magendo, au wanatazama mechi za wizi kwenye simu. Ndugu yangu, hapo hujaokoa kitu. Qur'an katika mwanzo wa Suratul Maidah inawaamrisha waumini kutimiza mikataba, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu katika kikao chake cha tano, Kuwait, mwaka 1988, lilipitisha kuwa haki za kazi za akili na alama za biashara ni mali inayolindwa na sheria, haifai kuvamiwa. Kampuni kuwa ya Kizungu au ya Kiarabu au ya tajiri mkubwa wa hapa nyumbani hakubadilishi kitu. Anayeona bei ni ghali aache.

Sasa nirudi kwa yule mzee. Niliposema swali lake limegonga mlango usio wake, nilikusudia hivi. Yeye aliuliza kuhusu king'amuzi, lakini kilichomkosesha usingizi ni ustadh wa madrasa. Hebu tutazame lile tukio tena. Mbele yake kulikuwa na wadai wawili. Mmoja ana kompyuta iliyo mbali, haina jicho wala huruma, na siku ikifika inakata picha saa hiyohiyo, hata kama mechi imefika dakika ya 89. Mwingine ni kijana wa madrasa mwenye kanzu moja nyeupe, ambaye watoto wakija bila ada anawaambia wakae, wafungue juzuu, wasome. Huyu hana kitufe cha kubonyeza. Hawezi kumfutia mtoto Suratul Fatiha aliyokwisha kumfundisha. Anasubiri.

Basi tumemlipa anayekata, na asiyekata tumemwacha asubiri.

Nilipoliona hilo niliona sura za watu wengi. Ni mara ngapi tunasema mwezi huu sikuweza kumtumia mama kijijini, na king'amuzi kinawaka? Mama hakati. Akipiga simu hataji fedha, anauliza hali za watoto na kusema hapa tuko salama. Yule aliyetukopesha shilingi 50,000 wakati mtoto amelazwa hakati, kwa sababu ni muungwana, na tunautumia uungwana wake kama mto wa kulalia. Msikiti haukati, unaswaliwa gizani mita ya luku ikiisha. Mke aliyeahidiwa gauni la Idi ya mwaka juzi hakati. Na Mola Mtukufu, ambaye zaka ni haki aliyoiweka katika mali zetu kwa ajili ya wanyonge, naye hakukati pumzi kwa kuwa umechelewesha. Tumejijengea utaratibu wa kumheshimu anayetutisha na kumcheleweshea anayetustahi, halafu tunauita bajeti.

Mtume (s.a.w.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, ameeleza kuwa mwenye uwezo akichelewesha kulipa deni amefanya dhulma. Wengi tukisikia neno mwenye uwezo tunamfikiria tajiri wa Kariakoo. Lakini yule mzee usiku ule alikuwa na shilingi 35,000 na deni la shilingi 30,000. Kwa deni lile, kwa usiku ule, yeye ndiye mwenye uwezo. Na pia tumefunzwa kuharakisha ujira wa mfanyakazi, asisubirishwe mpaka jasho limkauke mwilini. Jasho la ustadh wa madrasa tumelisubirisha miezi miwili.

Wanachuoni wa usuli, akina Imam Ghazali na baadaye Imam Shatibi, waliyapanga maslahi ya watu kwa daraja tatu: yale ya dharura ambayo bila yake dini au maisha huharibika, kisha yale ya haja ambayo bila yake watu hupata uzito, kisha yale ya kupendezesha. Sijui ni kwa ujasiri gani mtu ataliweka dishi la kulipia nje ya daraja ile ya tatu. Nayo si daraja ya dhambi. Kosa ni pale ya tatu inapolipwa tarehe mosi na ya kwanza ikaambiwa ingoje tarehe 15. Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wa Rahmani kwamba katika kutoa kwao hawafuji wala hawafanyi uchoyo, wanashika njia iliyo katikati ya hayo mawili. Katikati hiyo haipatikani kwa kutazama bei ya kifurushi peke yake. Shilingi 35,000 kwa mwezi ni shilingi 420,000 kwa mwaka. Kwa mtu mmoja hizo ni fedha za chai, kwa mwingine ni karo ya mtoto. Mwenye kujua ni yeye na Mola wake na orodha ya wanaomdai.

Fedha, hata hivyo, ndiyo hesabu nyepesi. Ipo nyingine. Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mja ataulizwa Siku ya Kiyama kuhusu umri wake aliumaliza katika lipi, na kuhusu mali yake aliichuma wapi na aliitumia katika nini. King'amuzi kinagusa maswali yote mawili kwa mpigo, na hilo la umri huwa hatulitii kwenye hesabu.

Chukueni mpira, maana tusidanganyane, wanaume wengi tunalipia mpira. Mechi za Jumamosi zinazochezwa saa 9 alasiri huko Uingereza, kuanzia Agosti hadi karibu mwisho wa Oktoba kwetu huanza saa 11 jioni. Hapa Dar es Salaam miezi hiyo jua linazama saa 12 na dakika 10 hadi 20 hivi. Maana yake adhana ya Magharibi inaingia kipindi cha pili kimeshaanza kuchemka, na muda wa Magharibi ni mfupi kuliko wa swala nyingine za mchana. Wakisharudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, mechi hizo zinaanza saa 12 kamili, na adhana inaingia kipindi cha kwanza. Ikifika Januari inaangukia karibu na mapumziko. Niliwahi kumsikia kijana mmoja akishukuru kwa hilo, kwamba Januari Allah amemfanyia wepesi. Nilitabasamu, lakini nilihuzunika pia. Swala yake imekuwa ikipangiwa ratiba na refa.

Ama Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, mechi zake nyingi kwetu huanza saa 4 usiku, na kipindi chao cha baridi huanza saa 5. Hiyo ya saa 5 inamalizika karibu na saa 7 usiku. Ongeza nusu saa ya wachambuzi. Alfajiri hapa inaingia karibu na saa 11. Mtu alale saa ngapi, aamke saa ngapi, na hiyo Alfajiri aiswali wapi? Na akienda kazini anasinzia juu ya muda ambao mwajiri ameununua kwa mshahara. Ndiyo maana nasema bei iliyoandikwa kwenye tangazo la kifurushi ni nusu tu ya bei.

Sasa nieleze aibu yangu niliyoitaja mwanzo, kwa sababu ningekomea hapo mngetoka mkidhani dawa ni kukata tu.

Mwaka jana, baada ya kupitwa na Alfajiri mara mbili ndani ya wiki moja kwa sababu hiyohiyo ya mpira, nilipandwa na ghera. Niliingia ndani nikachomoa king'amuzi, nikakifunga kwenye mfuko wa rambo na kukitia juu ya kabati. Kifurushi chetu kilikuwa kikubwa kuliko cha yule mzee. Nikaitangazia familia kwamba kuanzia leo nyumba hii haina dishi la kulipia, na nikawasomea aya ya sita ya Suratut Tahrim, ile inayowaamrisha waumini kujikinga na moto wao na watu wao. Mama watoto hakusema kitu. Niliuhesabu ukimya wake kuwa ni kukubali.

Wiki ya tatu, siku ya Jumamosi, kijana wangu wa miaka 12 hakuonekana Magharibi wala Isha. Nilimkuta katika kibanda umiza mtaa wa pili, amekaa kwenye benchi kati ya watu wazima, moshi wa sigara umejaa, ameingia kwa shilingi 500 aliyopewa ya kununulia vitumbua. Tulipokuwa tukirudi nyumbani sikumgombeza, nilimuuliza tu mechi imekwendaje. Akanieleza vizuri sana, kisha akaongeza kuwa yule kaka aliyekaa pembeni yake mkeka wake umechanika kwa timu moja tu, na kwamba kama mtu angeweka shilingi 1,000 kwa ushindi wa ugenini angepata shilingi ngapi. Hesabu aliipiga kwa kichwa, bila kukosea. Mtoto ambaye hesabu za shuleni zinamshinda!

Ndugu msomaji, kamari imekatazwa kwa jina katika Suratul Maidah, aya ya 90 na 91, imewekwa pamoja na ulevi. Mimi nilidhani nimeutoa moto ndani ya nyumba, kumbe nimemtoa mtoto ndani ya nyumba. Sikuwa nimempa badala yoyote. Saa nilizoziondoa kwenye runinga sikuzijaza na kitu. Niliendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi wangu kama kawaida, naye akaenda kutafuta alichokizoea palipokuwa karibu.

Na kulikuwa na jambo jingine nisilolijua. Mama yangu mzazi anakaa nasi. Miguu inamsumbua, hatoki. Kila jioni alikuwa akitazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na wajukuu wakimzunguka, yeye akiwaeleza nani mwema na nani fisadi kama vile anawafahamu tangu utotoni. Nilipokata sikumuuliza. Hakulalamika. Siku moja tu nilipomwamkia, "Shikamoo mama," aliitikia "Marahaba," kisha akasema, "Nyumba imekuwa kimya mwanangu." Nimesoma chuo kikuu, na kila mwaka nawafundisha wanafunzi aya ya 23 ya Suratul Israa kuhusu wema kwa wazazi. Lakini king'amuzi nilikifunga rambo bila kumuuliza mama yangu.

Basi tukakaa shura, watu wa nyumba wote, na mama akakaa kwenye kiti chake. Tulikubaliana kufanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kwanza. Tulinunua daftari la shilingi 500 na kulipia mwezi mmoja. Kila anayewasha anaandika: jina lake, chaneli, saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Watoto waliona ni mchezo na wakawa wakali kuliko mimi. Mara mbili waliniandika wao, "baba amesahau kuandika."

Mwisho wa mwezi tukalifungua. Katika kifurushi chenye chaneli zaidi ya mia moja, nyumba ile ilikuwa imetazama saba. Mbili kati ya hizo zinapatikana bure kwa njia nyingine. Ile ya Makka, kwa mfano, inarushwa bila malipo kwenye setilaiti, inataka dishi lake na fundi anayejua kulielekeza tu. Nyingine ni ya taifa, inapatikana kwa king'amuzi cha antena bila kulipia. (Wengi walijifunza tofauti hii mwaka 2018, pale mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozitaka kampuni za dishi za kulipia ziondoe chaneli za bure za hapa nchini kwa kuwa leseni zao hazikuwa za kuzibeba. Watu walishangaa kuona chaneli walizozizoea zimetoweka.) Katuni zilikuwa na saa nyingi kuliko tulivyodhani, hasa mchana, watu wazima wakiwa hawapo. Mimi nilikuwa na saa 31 za mpira kwa mwezi mmoja, zote zikiwa kwenye zile chaneli zinazofanya kifurushi kiwe ghali. Mama alikuwa na saa moja kwa siku, kwenye chaneli inayopatikana katika kifurushi kidogo kuliko vyote.

Saa 31! Mwezi uleule sikumaliza hata juzuu moja.

Hapo sikuhitaji tena kuuliza kama kinafaa au hakifai. Jibu lilikuwa limeandikwa kwa kalamu za watoto. Fedha nyingi ya nyumba ilikuwa inanunua starehe ya mtu mmoja, naye ndiye huyo aliyewasomea wenzake aya. Tukashuka hadi kifurushi kidogo, kwa ajili ya bibi yao. Uzuri wa huduma hizi ni kwamba unalipa mwezi kwa mwezi, hakuna anayekulazimisha kuendelea na kifurushi kilekile, wala kulipia mwezi ambao huhitaji. Ramadhani tuliacha kabisa, kwa ombi la mama mwenyewe. Kijana naye nikampa badala: Jumamosi jioni tunatoka pamoja kwenda uwanjani mtaani, anacheza badala ya kutazama, na Magharibi tunaswali palepale kando ya uwanja na wenzake. Wengine ambao hawakuwa wakiswali wameanza kusimama safu nasi. Ikija mechi ya Simba na Yanga tunazungumza. Haki za Ligi Kuu ya Bara ziko Azam kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa mwaka 2021, kwa hiyo anayetaka kuitazama kwa halali anajua pa kuipata. Siku hiyo tunakwenda kwa ami yake mwenye kifurushi hicho, tunabeba karanga, tunaswali kwa wakati, tunarudi.

Sisemi kila nyumba ifanye kama yangu. Yupo mzazi ambaye king'amuzi kikubwa kimemrudisha mumewe nyumbani saa 2 usiku badala ya saa 6, na huyo nikimwambia akate nitakuwa nimemdhulumu. Yupo mwingine ambaye hata kifurushi kidogo kwake ni israfu kwa sababu watoto wamelala na uji. Ninachokisema ni utaratibu wa mkono unapoingia mfukoni siku ya mshahara. Waanze wale wasioweza kutukata: mzazi, mke na watoto, mdai muungwana, ustadh wa madrasa, na zaka kwa aliyefikiwa na kiwango. Anayeweza kukata awe wa mwisho. Ikibaki yake, mlipe kwa moyo mkunjufu na utazame la halali kwa kiasi. Isipobaki, aikate hiyo picha.

Nilimweleza yule mzee hayo kwa ufupi, tukiwa tumesimama palepale nje ya msikiti, watu wamekwisha kuondoka. Alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa ustadh wa watoto nitamwambia nini? Na hela nimeshailipa kule." Nikamwambia amwambie ukweli, kwamba alikuwa nazo na akazipeleka kwingine, amwombe radhi, na amlipe kidogokidogo kuanzia wiki ile. Akasema kumwambia ukweli ndiko kugumu kuliko kulipa.

Ijumaa iliyopita nilikutana na ustadh wa madrasa ile katika safu ya mbele. Sikumuuliza chochote, si haki yangu. Yeye mwenyewe alinisimulia huku akicheka, kwamba kuna mzazi mmoja alimletea shilingi 10,000 na kumwomba msamaha kwa kitu ambacho yeye hakuwa hata amekasirika. "Nilimwambia, mzee, watoto wako mbona wanaendelea tu? Mkubwa ameshaingia Juzuu Tabaraka." Mzee, anasema, aligeukia ukutani akajifuta machoni, kisha akaomba amsikilize mtoto wake akisoma.